Aby Warburg: Kifungua Mimba Aliyeuza Haki Yake kwa Vitabu

Kila mwaka wasomi wa sanaa na usanifu wa majengo wa Zama za Kati na wa enzi ya Mwamko wa Ulaya hukutana katika makongamano. Makala husomwa, maswali huulizwa, chai hunywewa, kisha kila mmoja hurejea kwake. Mihadhara mingi ya aina hii husahaulika kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo, upo mhadhara mmoja uliotolewa jijini Roma mnamo Oktoba 1912 ambao umepita karne nzima na ungali unasomwa, unajadiliwa na kupingwa. Aliyeutoa hakuwa mhadhiri wa chuo kikuu chochote. Alikuwa mtoto wa tajiri wa benki aliyekataa benki, mtu mfupi wa kimo na mwingi wa wasiwasi, ambaye miaka sita baadaye akili yake ilimponyoka. Jina lake ni Aby Warburg. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa nia ya kuonyesha kwamba mhadhara ule haukuzaliwa siku moja, na kwamba uliendelea kuishi kwa sababu ulikuwa na nyumba ya kuishi ndani yake, yaani maktaba.

Kuzaliwa na Malezi

Abraham Moritz Warburg, aliyeitwa Aby na jamaa zake, alizaliwa tarehe 13 Juni 1866 katika mji wa bandari wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya Kiyahudi ya watoto saba. Babaye, Moritz Warburg, aliongoza benki iliyoasisiwa na familia hiyo mwaka wa 1798. Kwa desturi ya ukoo huo, mzaliwa wa kwanza ndiye aliyetarajiwa kushika hatamu za benki baada ya baba. Njia ya Aby, kwa hivyo, ilikuwa imekwisha kulimwa na kufagiliwa kabla hajajua kusoma.

Akiwa na umri wa miaka sita, mtoto huyu aliugua homa kali ya matumbo nusura afe. Alipona, lakini ugonjwa huo ulimwachia mwili dhaifu na moyo wa kushtukashtuka. Ulimwachia pia mazoea ya kusoma kitandani, na vitabu vikawa kimbilio lake.

Mwaka wa 1879 kilitokea kisa ambacho kila anayesimulia maisha ya Warburg hulazimika kukitaja. Aby alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye Max, nduguye aliyemfuata, alikuwa na miaka kumi na miwili. Kifungua mimba alimpendekezea mdogo wake biashara: angemwachia haki yake yote katika benki, kwa sharti moja tu kwamba Max angemnunulia vitabu vyote atakavyovihitaji maishani. Max aliyafikiria matakwa ya nduguye, akahesabu gharama ya vitabu vya washairi wachache mashuhuri, akaona kwamba faida ya duka ingetosha kabisa. Akakubali. Miaka mingi baadaye, Max alikiri kwa utani kwamba siku hiyo alitia sahihi hundi isiyoandikwa kiasi. Hata hivyo, ahadi aliyoitoa akiwa mtoto aliitimiza akiwa mtu mzima, na huo nao ni uungwana unaostahili kukumbukwa.

Elimu na Tasnifu

Mnamo 1886 Warburg alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn kusomea historia ya sanaa. Huko hakujifungia katika somo moja. Alihudhuria mihadhara ya Hermann Usener juu ya dini na visasili vya Wayunani wa kale, na ya Karl Lamprecht juu ya historia ya utamaduni. Katika msimu wa baridi wa mwaka 1888 alikwenda Florence, Italia, pamoja na wanafunzi wengine wa August Schmarsow, na mji huo ukamteka moyo. Hatimaye alipeleka tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Strasbourg.

Tasnifu hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 1893, ilihusu michoro miwili ya Sandro Botticelli: ule wa kuzaliwa kwa Zuhura na ule wa majira ya machipuko. Wasomi wa wakati huo walizoea kuyaona Mambo ya Kale kuwa chemchemi ya utulivu na ukimya. Warburg aliona jambo jingine. Alitazama nywele zinazopeperuka na mavazi yanayofutuka kwa upepo katika michoro hiyo, akajiuliza ni kwa nini mchoraji wa karne ya 15 alikopa kutoka kwa wakale vitu vinavyokwenda mbio na kuacha vile vilivyotulia. Ili kulijibu swali hilo alisoma mashairi ya Poliziano, mshairi wa Florence, pamoja na washairi wa Kirumi waliomtangulia. Hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba picha haiwezi kueleweka bila neno, wala neno bila maisha ya watu waliolitumia.

Mwaka wa 1895 alisafiri kwenda Marekani kuhudhuria harusi ya nduguye Paul. Hakuridhika na maisha ya mjini New York. Akaenda hadi New Mexico na Arizona, akakaa kwa muda miongoni mwa jamii za Wapueblo, zikiwemo za Wahopi, akitazama ngoma, vyungu na alama zao. Ni kweli kwamba aliwatazama kwa macho ya Mzungu wa zama zake, aliyewaweka ngazi ya chini katika maendeleo ya binadamu, na watafiti wa leo hawamwachilii katika hilo. Hata hivyo, safari hiyo ilipanda swali ambalo lingemea baadaye mahali asipopatazamia: binadamu anayeogopa radi na nyoka huifanyaje hofu yake iwe alama, na kwa alama hiyo akapata nafasi ya kupumua na kufikiri?

Ndoa na Maktaba

Mwaka wa 1897 Warburg alimwoa Mary Hertz, msanii, binti wa seneta wa Hamburg. Mary alikuwa Mprotestanti, na wazee wa pande zote mbili hawakuipokea ndoa hiyo kwa vigelegele. Wawili hao waliishi Florence kwa miaka kadhaa. Warburg alijifungia katika hifadhi za nyaraka za mji huo akisoma wosia, hesabu za biashara na barua za wafanyabiashara waliowalipa wachoraji. Kisha familia ilirudi Hamburg, na mwaka wa 1909 ilihamia katika nyumba ya mtaa wa Heilwigstrasse.

Vitabu navyo vilihamia humo. Kufikia 1911 vilikuwa takriban 15,000. Aliyeingia kwa mara ya kwanza alitatizika, kwa maana havikupangwa kwa herufi za alfabeti wala kwa ukubwa. Kitabu cha unajimu kilikaa karibu na cha dawa, nacho cha dawa kikapakana na cha uchawi, cha falsafa na cha michoro. Warburg aliamini kwamba kitabu anachokitafuta mtafiti mara nyingi sicho anachokihitaji. Anachokihitaji ni jirani yake pale rafuni, ambacho hakujua hata kama kipo. Kwa sababu hiyo alivihamisha vitabu kila mara fikra mpya ilipomjia. Maktaba yake ilikuwa kama mazungumzo yasiyokwisha.

Kongamano la Roma, 1912

Makongamano ya kimataifa ya historia ya sanaa yalianzia Vienna mwaka wa 1873. Lile la kumi lilifanyika Roma mnamo Oktoba 1912, na mada yake kuu ilikuwa uhusiano wa Italia na sanaa ya kigeni. Warburg alishiriki kwa bidii katika kuliandaa. Alipopata zamu yake ya kuzungumza, alichagua fumbo lililowashinda wengi: michoro ya ukutani ya jumba la Schifanoia mjini Ferrara.

Ni vyema tulieleze fumbo lenyewe. Ukumbi wa Miezi katika jumba hilo ulichorwa karibu na mwaka 1470 kwa amri ya Borso d'Este, mtawala wa Ferrara. Miongoni mwa wachoraji alikuwemo Francesco del Cossa, ambaye mwaka wa 1470 alimwandikia mtawala barua ya kulalamikia ujira wake, kwa kuwa alilipwa sawa na wachoraji wa daraja la chini. Baadaye michoro ilifunikwa kwa chokaa, nayo ilipofunuliwa katika karne ya 19, ni miezi saba tu kati ya kumi na miwili iliyosalia. Kila mwezi una safu tatu. Safu ya juu inaonyesha mungu wa Kirumi akiwa juu ya gari la ushindi. Safu ya chini inamwonyesha Borso akiwinda, akiamua kesi na kugawa zawadi. Safu ya kati, yenye mandhari meusi, ina alama ya buruji ya mwezi huo pamoja na watu watatu wa ajabu. Katika mwezi wa Machi, kwa mfano, yupo mwanamume mweusi mwenye nguo nyeupe iliyochakaa, kiunoni amejifunga kamba. Ni nani huyu? Kwa nini asimame katika ukumbi wa mtawala Mkristo wa Italia?

Warburg alijibu kwa kuifuata njia aliyopita mtu huyo. Katika elimu ya kale ya nyota, kila buruji ina digrii thelathini, nazo hugawanywa mara tatu. Kila sehemu ya digrii kumi ina mlinzi wake, aitwaye dekani. Walinzi hao ni 36, na asili yao ni Misri. Wayunani waliwachukua, wakawachanganya na nyota zao. Kutoka kwa Wayunani walifika India, wakavikwa sura ya Kihindi. Kutoka India na Uajemi waliingia katika kitabu kikuu cha Abu Ma'shar, mwanafalaki aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka wa 886. Kitabu hicho kinamweleza mlinzi wa kwanza wa buruji ya Kondoo, kwa mujibu wa Wahindi, kuwa mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe iliyofungwa kwa kamba. Maelezo hayo yalivuka hadi Uhispania katika maandishi ya Kiebrania ya Ibn Ezra katika karne ya 12, yakatafsiriwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kilatini na Pietro d'Abano wa Padua mwishoni mwa karne ya 13. Kutoka Padua hadi Ferrara si mbali. Warburg alimtaja pia mtu aliyeelekea kuupanga ukumbi mzima: Pellegrino Prisciani, msomi na mnajimu wa ikulu ya Ferrara.

Alikiri deni lake bila kuficha. Ufunguo wa mlango huo aliupata katika kitabu cha Franz Boll cha mwaka 1903 kuhusu nyota za Wayunani. Boll alikuwa mtaalamu wa maandishi, hakuwa wa picha. Warburg aliviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu, kama alivyofanya rafuni kwake.

Mwishoni mwa mhadhara alieleza kwamba kulifumbua fumbo moja hakukuwa shabaha yake. Alitaka kuwaonyesha wenzake njia. Aliwasihi wasiruhusu mipaka ya idara za masomo iwazuie kama walinzi wa forodha, na wautazame wakati wa kale, Zama za Kati na zama mpya kuwa mto mmoja. Wanahistoria wengi wa sanaa huuhesabu mhadhara huo kuwa mwanzo wa ikonolojia ya kisasa, yaani mbinu ya kuisoma picha kupitia fikra, imani na maandishi yaliyoizaa. Mwaka huohuo alikataa wadhifa wa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Halle, nao mji wa Hamburg ukamtunuku cheo cha profesa kwa heshima.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutua. Maneno kama falaki, buruji, nuhusi na sayari, pamoja na majina kama Zuhura, Mirihi na Zohali, yaliingia katika lugha yetu kutoka Kiarabu kupitia biashara na elimu ya Bahari ya Hindi. Elimu ileile ya nyota iliyopanda kaskazini hadi ukumbi wa Ferrara iliteremka kusini hadi pwani yetu. Warburg hakuifuata njia hii ya kusini. Hata hivyo, anayesoma historia ya msamiati wetu atayatambua maswali yake mara moja, kwa sababu neno nalo, kama alivyo yule mtu mweusi wa mwezi wa Machi, husafiri likibadili mavazi kila bandari.

Vita na Maradhi

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka wa 1914, Warburg aliona njia alizozichunguza zikifungwa moja baada ya nyingine. Alikusanya vipande vya magazeti usiku na mchana, akavipanga na kuvihifadhi, kana kwamba angeweza kuuzuia wazimu wa dunia kwa kuuwekea faharasa. Ujerumani iliposhindwa mnamo Novemba 1918, akili yake iliporomoka. Alishikwa na hofu kwamba yeye na familia yake wangekamatwa na kuuawa, akawa hatari kwa wale aliowapenda. Alilazwa hospitalini Hamburg, kisha Jena, na tangu 1921 katika hospitali ya Kreuzlingen nchini Uswisi, chini ya daktari Ludwig Binswanger.

Mhadhara wa Roma ulikuwa bado haujatoka kitabuni. Makala za kongamano lile zilichapishwa mwaka wa 1922, miaka kumi baada ya kusomwa. Hivyo basi, kazi iliyompa jina ilipowafikia wasomaji, mwandishi wake alikuwa amefungiwa wodini, akizizungumzia nafsi za nondo waliomtembelea chumbani.

Madaktari hawakuwa na tumaini kubwa. Mwaka wa 1923 daktari Emil Kraepelin alimpima na kutoa maoni yenye nuru zaidi kuliko ya waliomtangulia. Warburg mwenyewe aliomba apewe nafasi ya kuthibitisha kwamba angali msomi. Tarehe 21 Aprili 1923, mbele ya wagonjwa, madaktari na wageni, alitoa mhadhara wenye picha kuhusu ibada ya nyoka ya Wapueblo, akitumia kumbukumbu za safari yake ya karibu miaka thelathini nyuma. Mtu aliyetawaliwa na hofu alieleza, kwa utaratibu na kwa ushahidi, jinsi wanadamu wanavyoikabili hofu kwa alama. Hakutaka mhadhara huo uchapishwe, kwa kuwa aliuona mbichi. Hata hivyo, ulimfungulia njia ya kurudi nyumbani, na mnamo Agosti 1924 aliruhusiwa kuondoka.

Siku za Mwisho

Nyumbani alikuta mabadiliko. Fritz Saxl, msomi kutoka Vienna aliyekuwa msaidizi wake, alikuwa ameigeuza maktaba ya mtu mmoja kuwa taasisi ya utafiti yenye mihadhara na machapisho. Chuo Kikuu cha Hamburg, kilichoanzishwa mwaka wa 1919, kilikuwa kimewaleta wasomi kama Ernst Cassirer na Erwin Panofsky, ambao waliitumia maktaba hiyo kama kisima. Mwaka wa 1926 lilifunguliwa jengo jipya kando ya nyumba ya familia, lenye chumba cha kusomea cha umbo la duaradufu. Juu ya mlango liliandikwa kwa herufi za Kiyunani jina la Mnemosyne, mama wa elimu na sanaa, ambaye jina lake maana yake ni kumbukumbu.

Mnemosyne likawa pia jina la kazi yake ya mwisho. Kwa msaada wa Saxl na Gertrud Bing, Warburg alibandika picha kwenye mbao zilizofunikwa kwa kitambaa cheusi: sanamu za Kirumi, michoro ya Botticelli na ya Schifanoia, ramani za nyota, hata stempu na matangazo ya magazeti. Alitaka kuonyesha jinsi ishara za mwili wa binadamu, kama vile furaha, kilio na hasira, zilivyosafiri karne kwa karne. Alizipanga, akazibandua, akazipanga upya. Mbao zilikuwa 63 na picha karibu elfu moja alipofariki ghafla kwa maradhi ya moyo tarehe 26 Oktoba 1929, kabla ya kuikamilisha.

Miaka minne baadaye Wanazi walitwaa madaraka. Taasisi iliyoasisiwa na Myahudi haikuwa na mustakabali Hamburg. Mnamo Desemba 1933 vitabu vipatavyo 60,000 vilitiwa katika makasha 531, vikapakiwa katika meli mbili ziitwazo Hermia na Jessica, vikapelekwa London. Laiti vingechelewa, huenda tusingekuwa na cha kusimulia. Mwaka wa 1944 taasisi hiyo ilijiunga na Chuo Kikuu cha London, na hadi leo vitabu vingali vimepangwa kwa ujirani wa fikra, katika jengo lililofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2024.

Hitimisho

Warburg aliandika machache kuliko wengi wa rika lake, na ukwasi wa nduguze ulimpa nafasi ambayo wanafunzi wengi hawataipata kamwe. Mgala muuwe na haki yake mpe: nafasi hiyo hakuila peke yake. Alichokinunua kwa haki yake ya kuzaliwa kiliwalisha wengine katika miaka ambayo yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kukinyanyua kitabu.

Sisi tunaohudhuria makongamano ya Kiswahili twaweza kujifunza jambo kutokana na maisha haya. Mhadhara wa Roma ulitanguliwa na takriban miaka ishirini na mitano ya kusoma, na ukafuatwa na watu waliolinda rafu zilizouzaa. Makala husomwa kwa dakika chache. Kinachoamua kama yataishi ni maktaba iliyo nyuma yake, na kama kuna atakayekubali kupakia makasha siku ya hatari.